Amana Iliyozikwa Ndani ya Zege

Swali la kale kuhusu uhusiano wa mapenzi ya Mungu na matendo ya binadamu hujitokeza kwa nguvu zaidi pale kitu kilichotundikwa kwa mikono ya watu kinapoanguka na kuua, kwa sababu katika msiba wa namna hiyo waombolezaji husikia kauli mbili ambazo haziwezi kukaa pamoja bila kuchunguzwa. Ya kwanza husema kwamba ajali haina kinga na kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Ya pili, ambayo aghalabu hunong'onwa pembeni mwa turubai, huuliza ni nani aliyekifunga kitu kile, na alikifunga kwa kitu gani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kauli ya pili haipungukiwi imani, na kwamba anayeiuliza mapema, kabla jeneza halijahitajika, anatimiza sehemu ya ibada yake. Kuchagua bolti itakayozikwa ndani ya zege ni tendo la kimaadili la daraja la juu, kwa kuwa linatendeka mahali ambapo wale watakaolitegemea hawatapata kamwe nafasi ya kulikagua.

Swali hili lina uzito wake katika maeneo kama Nyabiyonza, kwenye vilima vya Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ambako namna ya kujenga imebadilika sana ndani ya vizazi vichache. Katika nyumba ya msonge, iliyokuwa makazi ya Wanyambo kabla ya kuenea kwa matofali na mabati, kila kiungo kilikuwa wazi: fito zilionekana, kamba zilionekana, na mzee aliyeinua macho akiwa ameketi ndani aliweza kulitambua fundo lililolegea kabla halijaleta madhara. Zege, yaani mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji unaoshikana na kuwa mgumu, limeleta nguvu ambayo fito hazikuwa nayo, lakini limeleta pia usiri, kwa kuwa kiungo kinachobeba mzigo sasa kimo ndani ya kitu ambacho macho hayawezi kukipenya. Nguzo za chuma za jengo la ibada, mnara wa tenki la maji ya mvua, fremu ya paneli za sola, spika zinazoning'inia juu ya vichwa vya waumini na mashine ya kukoboa kahawa inayotetemeka kutwa nzima, vyote hushikwa na bolti ambazo, nati ikishakazwa, huonyesha ncha tu. Na ncha hiyo haisemi lolote kuhusu kina cha tundu, usafi wake, wala ubora wa zege lililoizunguka.

Bolti ya nanga, kwa maana inayotumika hapa, ni bolti ambayo upande wake mmoja umezama ndani ya zege ili upande wa pili ushike bamba, fremu au mashine. Bolti hizo ziko za jamii mbili. Jamii ya kwanza ni zile zinazowekwa kabla zege halijamwagwa, zenye kichwa au zilizopindwa upande wa chini, ambazo hufungwa vizuri ili zisihame zege linapomiminwa na kushindiliwa. Jamii ya pili ni zile zinazowekwa baada ya zege kukomaa, kwa kutoboa tundu. Na humo zimo bolti za kutanuka, ambazo nati inapokazwa huvuta kabari inayosukuma kuta za tundu, bolti za skrubu, zinazojikatia njia zenyewe, na bolti za gundi, ambazo ni fimbo zenye hesi zilizoshikizwa kwa kemikali inayojaza nafasi kati ya chuma na zege. Kila moja ina mahali pake: ya kutanuka husukuma zege kwa nguvu, kwa hiyo haifai karibu na ukingo, ya gundi haisukumi, lakini hutegemea sana usafi wa tundu, hali ya joto na muda wa kukauka, na bolti iliyopimwa katika zege haipaswi kuhamishiwa katika tofali la kuchoma kwa matumaini kwamba itafanya kazi ileile, kwa sababu tofali hupasuka linaposukumwa kwa ndani.

Watu wengi hudhani kwamba usalama wa kiungo hicho unategemea unene wa chuma peke yake, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha makosa mengi, kwa maana kiungo kinaweza kushindwa kwa njia kadhaa na chuma ni mojawapo tu. Chuma kinaweza kukatika. Bolti inaweza kuchomoka tunduni. Zege lenyewe linaweza kumeguka na kutoka pamoja na bolti katika umbo la koni, kama mgomba ulioangushwa na upepo ukang'oka na bonge la udongo kwenye mizizi yake. Zege linaweza kupasuka kuelekea ukingoni. Na pale mzigo unaposukuma kwa ubavu badala ya kuvuta, ukingo wote wa zege unaweza kubanduka. Njia hizo hazilingani kwa hatari. Chuma laini cha kawaida hurefuka na kupinda kabla ya kukatika, na hivyo huwapa watu nafasi ya kuona na kukimbia, ilhali zege humeguka ghafla. Ndiyo sababu mhandisi makini, inapowezekana, huipanga kazi yake ili chuma kiwe cha kwanza kushindwa, akichagua udhaifu unaotoa onyo badala ya ule unaoshtukiza.

Hesabu ya koni hiyo, ambayo Fuchs, Eligehausen na Breen waliieleza kwa mfumo ulio wazi mwaka 1995 na ambayo sasa imo katika kiwango cha Ulaya cha EN 1992-4 cha mwaka 2018, inaonyesha jinsi kina kinavyotawala mambo. Kina kikiongezwa mara mbili, nguvu ya koni huongezeka takribani mara 2.8. Katika zege linalohimili mgandamizo wa nyutoni 20 kwa kila milimita ya mraba, na ambalo limekwisha kupata ufa, bolti ya kutanuka iliyozama milimita 40 hukadiriwa kubeba kilonyutoni 8.7, sawa na uzito unaokaribia kilo 900, lakini iliyozama milimita 80 hukadiriwa kubeba kilonyutoni 24.6, sawa na tani mbili na nusu. Na makadirio hayo ni ya koni peke yake, kabla hayajagawanywa kwa kigawo cha usalama cha 1.5 na kabla mzigo wenyewe haujaongezewa kiasi chake cha tahadhari. Koni kamili huhitaji nafasi: kitako chake kina upana wa mara tatu ya kina, kwa hiyo bolti ya milimita 80 hudai milimita 240 kati yake na jirani yake, na milimita 120 hadi ukingoni. Bolti mbili zilizobanana kwa milimita 120 hugombea zege lilelile na kwa pamoja hubeba mara moja na nusu ya bolti moja, si mara mbili, na iliyosogezwa hadi milimita 60 kutoka ukingoni hubakiwa na takribani theluthi mbili ya nguvu yake. Fundi anayeongeza bolti ya pili ubavuni mwa ya kwanza akiamini kwamba amezidisha usalama mara mbili ana nia njema, lakini nia njema haiongezi ujazo wa zege.

Katika kanuni za hesabu hizo kuna jambo moja linalostahili kutazamwa na wanafalsafa wa maadili. Nguvu inayoandikwa katika majedwali ya bolti si wastani wa majaribio. Ni kiwango ambacho bolti 95 kati ya 100 zinatarajiwa kukifikia au kukipita, maana yake mhandisi huamua kwa kuzifikiria zile tano dhaifu zaidi. Wastani ungeruhusu mizigo mikubwa na gharama ndogo, lakini ungekuwa sawa na kumwambia mtu aliyeketi chini ya bolti dhaifu kwamba usalama wa wenzake unatosha kufidia kifo chake. Kanuni hii kavu ya takwimu inakataa biashara hiyo, na kwa kukataa kwake inakiri fundisho ambalo dini zimelihubiri kwa lugha nyingine, kwamba jamii hupimwa kwa namna inavyomtendea aliye dhaifu kuliko wote, na kwamba uhai wa mtu mmoja haujumlishwi na wa wengine ili kupata matokeo yanayoridhisha.

Kanuni hiyo, hata hivyo, haina nguvu pasipo mkono unaoitii, na mkono huo huonekana vizuri zaidi kwenye tundu la bolti ya gundi. Keekee inapotoboa zege huacha vumbi jepesi lililoganda kwenye kuta za tundu, hasa chini kabisa. Fundi anatakiwa kulipuliza tundu kuanzia chini, kulisugua kwa brashi ya waya yenye upana unaolingana nalo, kulipuliza tena na kurudia, kisha kumimina gundi kuanzia chini ili hewa isinaswe, kuingiza fimbo kwa kuizungusha polepole, na kuiacha bila kuigusa hadi muda uliowekwa utimie. Vumbi likibaki, gundi hushika vumbi badala ya zege, na kiungo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake ingawa kwa nje kinafanana kabisa na kilichowekwa sawasawa. Kazi hiyo haidai utajiri wala elimu ya juu, inadai dakika chache tu za subira. Na anayeiruka akiwa peke yake juu ya ngazi, jua likizama na mwenye kazi akiwa amekwisha kuondoka, hana shahidi mwingine isipokuwa dhamiri yake na Mungu wake.

Nchi hii ya Karagwe imekwisha kujua kwamba chuma na maadili haviachani. Miongoni mwa vitu vya kifalme vilivyotunzwa Bweranyange, makao ya watawala wa Karagwe, zilikuwamo fuawe za chuma zenye umbo la nyundo, na mamlaka ya mfalme yalihusishwa na uhunzi; na kwa jirani zao Wahaya, wayeyushaji wa chuma walifanya kazi yao chini ya miiko, kwa kuwa waliamini kwamba mwenendo wa mfanyakazi huingia katika kile anachokizalisha. Mtaalamu wa leo wa metali hatakubali kwamba kuvunja mwiko hubadilisha chuma, lakini kiini cha imani hiyo kinabaki na nguvu katika kazi ya bolti, ambako uvivu, haraka na udanganyifu wa fundi huingia tunduni kwa njia inayopimika na hubaki humo kwa miaka.

Maandiko matakatifu nayo yanaifahamu picha hii kuliko inavyodhaniwa. Katika kitabu cha Isaya, sura ya 22, nabii anatangaza kwamba Eliakimu mwana wa Hilkia atakazwa mahali imara mithili ya msumari wa ukutani, na kwamba fahari yote ya nyumba ya baba yake itatundikwa juu yake, pamoja na vyombo vyote vidogo. Lakini sura hiyo inamalizika kwa tangazo la kuogofya kwamba msumari uliokazwa mahali imara utalegea na kuanguka, na mzigo uliokuwa juu yake utaangamia. Wafasiri wamebishana iwapo aya ya mwisho inamhusu Eliakimu au Shebna aliyemtangulia katika cheo, lakini kwa vyovyote vile nabii ametambua kwamba uimara wa mahali hauondoi mipaka ya kile kilichokazwa, na kwamba wanaoumia msumari unapotoka ni wale walioning'inia juu yake kwa kuamini. Qurani, katika sura ya 78, inaitaja milima kuwa vigingi vya ardhi, na kwa kufanya hivyo inaliweka tendo la kukaza na kuimarisha miongoni mwa ishara za hekima ya Muumba. Anayekaza kitu kwa uaminifu anaiga, kwa kipimo chake kidogo, sifa inayotajwa katika aya hiyo.

Kutokana na misingi hiyo inawezekana kuirudia kauli kwamba ajali haina kinga. Torati, katika sura ya 22 ya Kumbukumbu la Torati, inamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari yake, asije akaleta hatia ya damu juu ya nyumba yake mtu akianguka. Sheria hiyo isingekuwa na maana kama kila anguko lingekuwa amri ya Mungu isiyozuilika, kwa sababu Mungu yuleyule ndiye anayeamuru lizuiliwe. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kukataa kwamba walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na hivyo anawaondolea marehemu lawama ambayo walio hai hupenda kuwatwisha ili wasijichunguze wenyewe. Katika mapokeo ya Kiislamu, hadithi iliyopokewa na Tirmidhi inaeleza juu ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, naye akaagizwa amfunge kisha ategemee. Al-Ghazali aliliendeleza wazo hilo alipofundisha kwamba kuacha sababu zilizowekwa na Mungu, kama mtu mwenye njaa anayekataa kunyoosha mkono kwenye chakula, si tawakali, yaani kumtegemea Mungu, bali ni kutoifahamu njia ambayo Mungu huendesha mambo. Thomas Aquinas, kwa upande wa Ukristo, alifundisha kwamba Mungu hutenda kupitia visababishi vya pili, ambavyo ni viumbe vyenye uwezo halisi wa kuleta matokeo. Kwa mtazamo huo, kina cha bolti na usafi wa tundu ni mahali ambapo ulinzi wa Mungu hupitia mikononi mwa mtu, na anayeviharibu huuziba mfereji ambao kupitia kwake wenzake wangehifadhiwa.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba yapo maafa ambayo hakuna bolti inayoyazuia, na Kagera inayajua. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa huo, likaua watu wasiopungua 16, likajeruhi mamia na kuharibu maelfu ya nyumba, pamoja na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato. Wengi waliumizwa na kuta za matofali na udongo, si na bolti, na hakuna fundi aliyelileta tetemeko lile. Hata hivyo tukio hilo linafundisha mpaka ulipo: kutikisika kwa ardhi ni jambo la maumbile, lakini kile kitakachoanguka ardhi ikitikisika kwa sehemu kubwa kimeamuliwa na watu miaka mingi kabla. Nyufa zinazoletwa na mtikisiko hupita kwa urahisi kwenye matundu ya bolti, na koni ya bolti katika zege lenye ufa hukadiriwa kuwa na nguvu pungufu kwa takribani asilimia 30 kuliko katika zege zima; kwa hiyo, katika eneo lililokwisha kutikiswa, kuchagua bolti iliyopimwa kwa zege zima peke yake ni kujipangia siku isiyo na tetemeko, jambo ambalo hakuna binadamu aliyeahidiwa.

Mataifa tajiri nayo hayakusalimika na upofu huo. Tarehe 10 Julai 2006, mjini Boston nchini Marekani, sehemu ya dari la zege la handaki la magari iliyoning'inizwa kwa bolti za gundi ilianguka juu ya gari na kumuua abiria mmoja, na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya nchi hiyo ilibainisha mwaka 2007 kwamba gundi iliyotumika ilikuwa na tabia ya kunyumbuka taratibu chini ya mzigo usiopumzika, ingawa ilifaulu katika jaribio la muda mfupi. Dalili za bolti kuteremka zilikuwa zimeonekana tangu mwaka 1999, zikachukuliwa kuwa kasoro za ufungaji. Tarehe 2 Desemba 2012, nchini Japani, dari la handaki la Sasago, lililofunguliwa mwaka 1977, lilianguka na kuua watu tisa, na hapo pia zilikuwamo bolti za gundi zilizochoka na ukaguzi usiotosha. Somo la maadili katika matukio haya ni kwamba uaminifu una umri: kiungo kinachostahimili jaribio la dakika tano hakijathibitisha kwamba kitastahimili miaka 30, na kwa hiyo anayetundika kitu kizito juu ya watu anaingia katika ahadi ambayo muda wake huenda ukaupita uhai wake mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa umaskini. Jengo la ibada kijijini huinuliwa kwa michango ya waumini, ndizi na kahawa zikinadiwa baada ya ibada, na kuna ukatili katika kuwadai watu hao bolti za bei ya juu na wahandisi wa mbali. Pingamizi hilo linastahili heshima, lakini linathibitisha kidogo kuliko linavyoonekana kuthibitisha. Hatua nyingi za usalama hazina bei: kulisafisha tundu, kukaa mbali na ukingo, kuwaachia bolti nafasi, kusubiri zege likomae, kwa kawaida siku 28, na kutokata bolti iliyoonekana ndefu ili kurahisisha kazi. Pale ambapo bolti nzuri haipatikani, mzigo unaweza kubadilishwa badala ya usalama: tenki liwekwe chini, spika zisimamishwe sakafuni badala ya kuning'inizwa, bolti ipitishwe boriti nzima na kushikwa na bamba upande wa pili, au iwekwe kabla zege halijamwagwa ikiwa imezunguka nondo. Umaskini unaweza kuwalazimisha watu kujenga kidogo, lakini hauwezi kuhalalisha kuwaketisha watoto chini ya kile ambacho aliyekifunga anajua kwamba asingeketi chini yake.

Wajibu huo, hatimaye, haumhusu fundi peke yake. Mwenye kununua bolti bila kuuliza ilipimwa kwa zege la namna gani, kamati inayomharakisha fundi ili uzinduzi usiahirishwe, na kiongozi wa dini anayeziombea nguzo bila kuuliza zimesimamaje, wote wana sehemu yao katika mzigo. Jumuiya inayotaka kuwa na haki inaweza kudai mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wake: aina ya bolti, kina chake na tarehe ya kuwekwa kwake viandikwe na kuhifadhiwa pamoja na kumbukumbu za jengo; baadhi ya bolti zivutwe kwa kipimo mbele ya mashahidi kabla hazijabebeshwa mzigo; na viungo vyote vilivyo juu ya vichwa vya watu vikaguliwe kila mwaka na baada ya kila tetemeko. Jumuiya iliyofanya hivyo, kisha ikapatwa na msiba, itaweza kusema makaburini kwamba Mungu ametoa na Mungu ametwaa bila kumsingizia. Ile iliyokataa kufanya hivyo italazimika kwanza kukiri kile ambacho yenyewe ilikitwaa.